Kilwa ya Mwaka 1572: Tuusome Vipi Mchoro wa Mgeni?

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua fani na maudhui ya riwaya na mashairi, lakini picha zilizomo vitabuni huachwa zipite hivi hivi, kana kwamba picha haisemi uongo. Hebu tuitazame moja.

Mwaka 1572, huko Cologne, Ujerumani, Georg Braun alitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji ya dunia. Michoro yake, ambayo mingi ni kazi ya Frans Hogenberg, ilichongwa kwenye mabamba ya shaba ndipo ikapigwa chapa. Ukurasa mmoja umebanwa Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala kwa pamoja. Kilwa iko ufukweni, majengo yamesongamana, minara imechomoza juu ya mapaa.

Sasa basi, minara hiyo imetoka wapi? Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani hauna mnara. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukapanuliwa katika karne ya 14, na fahari yake imo ndani: nguzo, matao, kuba. Kuba ni za kweli. Minara ni ya mchongaji. Hogenberg hakufika Kilwa, na mnunuzi wake alitarajia mji wa Waislamu uwe na minara. Ni kanuni ya fani tu, kama "hapo zamani za kale" katika ngano zetu.

Wapo wanaoushika mchoro huu kuwa ushahidi wa ukuu wa mababu. Wengine wanautupa, eti porojo za Wazungu. Wote wameusoma kama cheti cha kiwanja, siyo kama kazi ya sanaa. Aliyekulia Korogwe, kati ya mkonge na reli, naye anauona mji huo kwa jicho la mchongaji, sawasawa na yule mnunuzi wa Cologne. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kupanda basi akajionee.

Linalonishughulisha zaidi ni kile kisichochorwa. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora. Miaka 67 baadaye mchoro unatuonyesha mji mzima, umetulia, hauna hata kovu. Wala si kwamba mkono haukuweza. Hogenberg huyo huyo alichonga picha nyingi za vita vya Uholanzi, na askari wa Hispania walipoipora Antwerp mwaka 1576, uporaji huo aliuchora.