Limeongezwa Nguvu au Limepunguziwa Mzigo?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii niliikumbuka mwaka jana, gari la mjomba lilipotoka gereji likinguruma hata kuku wakakimbilia migombani.

Sisi watu wa Kericho tuna haki ya kupenda magari. Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, alizaliwa papa hapa mwaka wa 1932. Alishinda mashindano ya Safari mara tatu: mwaka wa 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Basi fundi mmoja alipomwambia mjomba, "Mzee, nitaitengeneza hii gari ipae kama ya Safari," mjomba aliingia boksi. Alilipa shilingi 10,000, na 10,000 nyingine akaahidi kulipa bonasi ya chai ikitoka. Bonasi hiyo hiyo ndiyo ingelipa karo yangu ya muhula wa tatu. Sasa unaona kwa nini jambo hili lilininyima usingizi!

Bahati nzuri, nilikuwa nimelipima gari kabla halijapelekwa kwa fundi. Hebu nikueleze jinsi ya kupima.

Kwanza kuna mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka kila sekunde. Alfajiri, kabla malori ya majani chai hayajaamka, tulitafuta kipande cha barabara kilichonyooka upande wa Litein. Mjomba aliendesha kwa gia ya tatu. Mshale ulipofika kilomita 36 kwa saa nilianza kuhesabu muda, na ulipofika 72 nikasimamisha. Kwa nini 36 na 72? Kwa sababu ni sawa na mita 10 na mita 20 kwa sekunde, na hesabu inakuwa nyepesi. Tulirudia mara sita, tatu kwenda na tatu kurudi, kisha nikatafuta wastani. Kwetu huku hakuna tambarare ya kweli. Mteremko unaokusaidia ukienda utakudai ukirudi.

Wastani ulikuwa sekunde 7.5. Gari lilipotoka gereji tulirudia barabara ile ile, ikawa sekunde 6.8. Fundi alicheka hadi jino la mwisho. "Si nilikuambia, kijana?"

Lakini mchapuko si nguvu. Punda mmoja akivuta mkokoteni mtupu atakimbia kuliko akivuta uliojaa, na punda ni yule yule. Ili kupata nguvu, ni lazima ujue uzito. Chukua nusu ya uzito kwa kilo, zidisha kwa tofauti ya vipeo vya pili vya kasi zile mbili (400 kutoa 100, yaani 300). Hiyo ndiyo nishati iliyoongezeka. Gawanya kwa sekunde, utapata wati. Wati 746 ni sawa na nguvu ya farasi mmoja.

Gari letu lina kilo 855, mjomba 85, nami 60. Jumla 1,000. Nishati ni jouli 150,000. Kabla ya gereji: wati 20,000. Baada ya gereji: wati 22,000 na kidogo. Loo! Fundi alikuwa amesema kweli!

Usiku nikiwa kitandani, nilishtuka. Siku ya kwanza, ndani ya buti kulikuwa na magunia mawili ya mbolea, kila moja kilo 50! Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Niliwasha taa nikahesabu upya: kilo 1,100, jouli 165,000, gawanya kwa 7.5. Jibu: wati 22,000. Injini ilikuwa ile ile. Kilichoondoka ni mbolea, na kilichoongezeka ni kelele.

Asubuhi nilimwomba mjomba amwite fundi, naye akaja bila kinyongo. Tulipakia magunia mawili mengine, tukapima mbele ya macho yake. Saa ikasema 7.5. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mzee, hiyo pesa iliyobaki achana nayo."

Labda utauliza: wati 22,000 ni kama farasi 29 na nusu tu, mbona kitabu cha gari kinataja zaidi? Kitabu hutaja nguvu ya juu kabisa ya injini, ikizunguka kwa kasi kubwa. Sisi tulipima wastani wa ile inayobaki baada ya gia, magurudumu na upepo kuchukua fungu lao. Tena Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huku ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na taabo hupungukiwa vivyo hivyo. Kwa hivyo usilinganishe gari lako na kitabu. Lilinganishe na lenyewe, barabara ile ile, mzigo ule ule.

Kabla sijatia nanga, nakusihi: usijaribu haya penye watu wala magari mengine, na dereva asishike saa.

Bonasi ilitoka, karo ikalipwa, nami nikakuandikia makala haya. Ukienda kupima, fungua buti kwanza!