Mkaa, Almasi na Hewa Isiyonuka
Mkaa wa magunia uuzwao Tarime na Mugumu, kinywe cha Mahenge na almasi ya Mwadui, vyote asili yake ni kaboni. Atomu ya almasi hushikana na nyingine nne, ikawa ngumu ajabu. Ya kinywe hushikana na tatu, katika matabaka yanayoteleza. Subhanallah!

Linalotushughulisha zaidi ni jiko. Baridi ya Tarime huwafanya baadhi yetu waliingize chumbani, wafunge madirisha na kulala. Mkaa usiopata hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, tokeni nje kwanza. Kuyafunika makaa kwa majivu hakuizuii hewa hiyo. Jiko lilale nje.