Baiskeli na Kinywaji cha Njiani: Kutoka Jesi hadi Kisauni (Sehemu ya Nne)

Mbio za baiskeli za barabarani hazina uwanja. Hupita katika nchi za watu. Kwa wiki tatu Tour de France hukata mashamba, miji na milima, na kila mkondo huweza kuchukua saa nne au tano, nyingi zikipita bila tukio la maana. Saa hizo za kungoja ndizo zilizozaa desturi ambayo mfululizo huu umeifuata tangu mwanzo: mtazamaji huandaa meza yake kwa ramani ya mbio. Waendeshaji wakiwa Burgundy, mezani huwa na mvinyo wa Burgundy. Wakihamia Champagne, hufunguliwa shampeni. Sharti ni moja, kwamba kinywaji kitoke katika ardhi inayopitiwa siku hiyo. Mashindano ya dunia ya Kigali, yaliyofanyika tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 na kuwa ya kwanza kufanyika Afrika, yamelisogeza jambo hili karibu na nyumbani. Mtazamaji wa Likoni au Changamwe, huko Mombasa, hana tena sababu ya kudhani kwamba meza hiyo ni ya Wafaransa peke yao.

Waandalizi wa Ulaya wanaijua thamani ya mashamba yao. Mwaka 2017 mkondo wa saba wa Tour uliishia Nuits-Saint-Georges, mji wa mvinyo mwekundu, na Mjerumani Marcel Kittel akamshinda Edvald Boasson Hagen wa Norway kwa tofauti ya milimita 6, iliyoamuliwa na picha. Mwaka 2024 Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za kukimbizana na saa kutoka mji huohuo hadi Gevrey-Chambertin, njia iliyopita katikati ya mizabibu yenye bei kubwa kuliko karibu yote duniani. Ufaransa ina sheria kali ya mwaka 1991 inayobana matangazo ya pombe, lakini hakuna sheria inayokataza helikopta ya televisheni kupiga picha shamba la zabibu. Vijiji vinajua hivyo, na hulipia heshima ya kupokea mkondo.

Waendeshaji wenyewe ni habari nyingine. Katika miongo ya mwanzo, baada ya Tour kuanzishwa mwaka 1903, iliaminika kwamba pombe hutia nguvu na kuondoa maumivu. Waendeshaji walivamia mikahawa ya njiani, wakabeba chupa za bia na mvinyo, wakaenda zao bila kulipa. Ukweli ni kinyume cha imani ile. Pombe huizuia homoni inayoufanya mwili ubane maji, mtu akakojoa zaidi ya alichokunywa, na katika joto jambo hilo ni hatari. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa akiupanda mlima Ventoux. Mwilini mwake zilikutwa dawa za kuchangamsha pamoja na pombe. Anayetazama ana ruhusa ya kuonja. Anayekanyaga pedali hana, na kanuni hiyo yafaa ibandikwe pia kwenye kila stendi ya bodaboda kuanzia Mtongwe hadi Mishomoroni.

Kisa cha Abdel-Kader Zaaf ndicho kinachopendwa zaidi na wasimulizi, na kwa msomaji wa pwani kina ladha yake. Zaaf alikuwa Mwislamu kutoka Algeria, mmoja wa timu ya Afrika Kaskazini katika Tour ya 1950. Tarehe 27 Julai, jua likiwaka katika mkondo wa Perpignan hadi Nîmes, yeye na mwenzake Marcel Molinès waliwaacha wengine kwa zaidi ya robo saa. Karibu na mwisho Zaaf aliyumba, akaanguka, akalazwa chini ya mti. Alipozinduka alipanda baiskeli na kuanza kurudi alikotoka. Magazeti yakatangaza kuwa amelewa, maana alinuka mvinyo. Maelezo yaliyosadikiwa na wengi baadaye ni kwamba wanakijiji walimmwagia mvinyo ili kumpoza, kwa kuwa ndiyo maji waliyokuwa nayo karibu. Molinès alishinda mkondo huo. Zaaf hakuupata, ila jina lake limedumu kuliko la mshindi, na dhana ya ulevi imedumu nalo. Mtu aliyesingiziwa harufu ya nguo zake anastahili kutajwa kila mara kisa hiki kinaposimuliwa.

Mwafrika mwingine alipatwa na mvinyo kwa njia isiyokuwa na uzushi wowote. Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara mwaka 2000, alishinda mkondo wa kumi wa Giro d'Italia tarehe 17 Mei 2022, kutoka Pescara hadi Jesi, akimpita Mathieu van der Poel. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mkondo katika mbio zozote kati ya zile tatu kubwa. Jukwaani alipewa chupa ya prosecco aifungue kwa shangwe. Alipoiinamia, kizibo kilifyatuka kikampiga kwenye jicho la kushoto. Alipelekwa hospitali, na kesho yake akaiaga Giro. Jicho lilipona, na mwaka 2024 alishinda mikondo mitatu ya Tour, wa kwanza ukiwa Turin, akatwaa na jezi ya kijani ya mshindi wa pointi.

Mji wa Jesi una mvinyo wake, Verdicchio, mweupe wenye uchungu mwembamba wa lozi mwishoni, na hunywewa pamoja na samaki. Waliomwandalia Girmay meza wangetafuta chupa hiyo. Prosecco ni ya kaskazini zaidi, huko Veneto na Friuli, kwa hiyo hata kwa kanuni ya ramani kizibo kile hakikuwa na kazi Jesi.

Nguvu ya kizibo ni hewa ya ukaa. Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili, kileo na hewa hiyo. Ikichachushwa ndani ya chombo kilichofungwa, hewa hukosa pa kutokea, ikajikusanya. Ndani ya chupa ya shampeni msukumo hufikia mara mbili hadi tatu ya ule wa tairi la gari, karibu sawa na tairi jembamba la baiskeli ya mbio. Prosecco ina msukumo mdogo kidogo, lakini jicho haliulizi.

Wachukuzi wa mnazi wa pwani, yaani tembo, wanaijua hesabu hii bila kuisoma. Kwa muda mrefu mnazi wa Rabai, Kaloleni na Mtwapa umekuwa ukiingia Kisauni na Changamwe kwa baiskeli, na aghalabu ni ile nzito nyeusi iitwayo Black Mamba. Mitungi ya plastiki ya lita 20 hufungwa ubavuni na kwenye kiti cha nyuma kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Midomo ya mitungi haizibwi kwa vifuniko vyake. Huzibwa kwa majani au kwa kilifu, ule utando wa mnazi unaofanana na kitambaa, ili povu lipumue. Mtungi ukikazwa kifuniko na kuachwa juani kutoka Mazeras hadi Changamwe hutuna kama kibofu, na anayeufungua hupata alichokipata Girmay, tena bila jukwaa wala jezi. Kwa hiyo baiskeli na kinywaji cha njiani vilikutana upande wa bara wa Mombasa kwa kazi, mwendeshaji akibeba kwenye mteremko wa Mazeras mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe. Hakuna kamera iliyomfuata.

Ugemaji wenyewe ni ufundi. Mgema hukata vipandio kwenye shina, akapanda alfajiri, adhuhuri na jioni. Huchagua karara ambalo halijapasuka, akalifunga kwa kamba lisifunguke, akalikata ncha, na kila apandapo hukata tena kipande chembamba ili tundu lisizibe. Utomvu hudondoka kwenye kibuyu. Ukitoka ni mtamu na hauna kileo, lakini hamira iliyo hewani na iliyobaki kibuyuni huanza kazi papo hapo. Ndani ya saa chache kileo hufikia takriban asilimia 4, sawa na bia nyingi. Ukilala usiku mmoja huwa mkali, na muda si muda bakteria huugeuza siki, ile inayotiwa kwenye achari. Mvinyo wa Burgundy hungoja miaka kumi. Mnazi haungoji adhana ya pili. Mnazi unaogemwa hauzai nazi katika makarara hayo, na hivyo kila mwenye shamba huamua kati ya nazi za baadaye na tembo la leo.

Wasomi wameuchukulia mti huu kwa uzito kuliko serikali nyingi zilivyofanya. David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama, alionyesha jinsi ununuzi wa minazi ulivyosimama juu ya mashahidi: wazee walioshuhudia ndio waliokuwa hati, na mnazi ulikuwa kinywaji cha kikao chao. Alieleza pia kuhusu vijana waliojitafutia mali ambao, baada ya kupagawa na pepo aliyetaka Uislamu, walisilimu kwa sababu ya tiba. Wakawa na udhuru wa kutokunywa na majirani, na vilevile wa kutogawana nao kila kitu. Walinunua minazi ya waliokuwa wakinywa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kinywaji kinavyoweza kujenga ujirani na kumfilisi jirani kwa wakati mmoja.

Mvinyo wa zabibu nao si mgeni wa jana. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unasimulia kuhusu masoko ya pwani hii hadi Rhapta, na unataja kwamba wafanyabiashara walileta mikuki, shoka, visu na vyombo vya kioo, na mahali pengine mvinyo na ngano. Mwandishi anaongeza kwamba hivyo viwili vya mwisho havikuletwa kwa faida bali kwa kuwapendeza wenyeji. Miaka 2,000 baadaye wako bado wanaotaka mvinyo wa ng'ambo kwa kuwa ni wa ng'ambo, hali Dodoma kuna mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka na Naivasha kuna mingine.

Mnazi haujapata wa kuusemea kama mvinyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyopewa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kuweka saa za baa: kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Kwa bia, saa hizo hazina madhara, chupa husubiri. Kwa mnazi wa alfajiri ni hukumu, kwa maana ifikapo saa kumi na moja jioni kilichokuwa kitamu kimekwisha kuwa kikali. Sheria iliyokusudiwa kupunguza ulevi humwachia mnywaji tembo lenye kileo zaidi. Kinywaji kinachotoka mtini kikiwa salama na kinachopikwa kwa siri kwenye mapipa havistahili kupimwa kwa mizani moja, na anayevichanganya hajapata kumwona mgema akishuka. Hilo haliwatakasi wauzaji wa mangweni wanaotia maji au sukari. Msemo wa mgema kusifiwa una chanzo chake.

Kigali palikuwa na mambo machache kwa meza. Mbio za wanaume wakubwa zilikuwa za kilomita 267.5 zenye vilima mfululizo, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda kwa kutoroka zikiwa zimesalia zaidi ya kilomita 100, na waliofika mwisho ni 30 tu. Meza yake ni urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, na mishkaki ya mbuzi.

Kwa njia ya bara ya Mombasa, mkondo wa kufikirika ungeanzia Likoni, ambako Wadigo wengi ni Waislamu: hapo kinywaji ni dafu, lenye potasiamu nyingi, pamoja na mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na ndicho kinywaji kinachomfaa zaidi anayeendesha katika safari nzima. Kupitia Dongo Kundu na kuingia Miritini na Changamwe, barabara ni ya malori ya bandari, na mwendesha baiskeli hujitafutia nafasi ukingoni pamoja na vumbi. Ukwaju wa barafu na viazi karai vinamtosha mtazamaji wa huko. Kutoka Makupa njia hukata kisiwa na kuvuka daraja la Nyali kuingia Kisauni, na hapo ndipo mnazi na samaki wa kukaanga wanapokutana. Uchachu wa tembo hukata mafuta kama Verdicchio ilivyokusudiwa kufanya. Mbio kama hizo zingekuwa za Jumapili, siku ambayo sheria ya 2010 hufungua milango saa nane. Zikiisha Bamburi saa kumi, wa kuagizwa ni mnazi wa adhuhuri, kwani wa alfajiri umekwisha kuwa mkali na wa jioni ungali juu.