Chumvi Mbichi na Chumvi ya Jikoni

Waulize watu wazima wa Dar es Salaam, Tanga au Kisumu kama chumvi nyingi ina madhara, na wengi watakujibu haraka kwamba inaleta presha. Ujumbe umefika, ila umekwenda kukaa mahali pasipo pake. Baba akinyoosha mkono mezani kuchukua kikopo cha chumvi, binti yake atamzuia: "Baba, acha chumvi mbichi." Baba atatii, kikopo kitarudi kabatini, na wote wataendelea na mchuzi uliotiwa chumvi ya kutosha jikoni, wakiamini kwamba moto umekwisha kuondoa ubaya wake.

Moto hauondoi kitu. Chumvi ni sodiamu na klorini zilizoshikana, na huyeyuka kwa joto ikifika nyuzi 801 za Sentigredi, ilhali mchuzi unaotokota hauvuki sana nyuzi 100. Ushahidi ulio karibu nasi uko Uvinza, mkoani Kigoma. Huko kuna chemchemi za maji ya chumvi, na kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wameyachemsha maji hayo vyunguni mpaka yakauke. Kilichobaki chini ya chungu ndicho kilichobebwa na misafara ya biashara kwenda nchi za jirani. Kama moto ungekuwa unaiua chumvi, Uvinza isingekuwa na cha kuuza.

Kipo kitu kimoja ambacho moto hukipunguza kweli, nacho ni madini joto yanayotiwa kwenye chumvi kuzuia rovu. Anayetia chumvi mapema na kuitokosa kwa saa nzima hupoteza sehemu ya faida na kubaki na madhara yote. Akina mama wengi walifundishwa kliniki watafute chumvi yenye madini joto, na leo wanaposikia "punguza chumvi" wanaona wamegeukwa. Hawakugeukwa. Mwili unahitaji madini joto kidogo mno, na kiasi kinachotiwa kiwandani kinaweza kuongezwa watu wakila chumvi pungufu. Chumvi inayofaa ni hiyo hiyo yenye madini joto, ila iwe kidogo.

Kidogo kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikihesabiwa. Wastani wa dunia ni takriban gramu 10.8, zaidi ya mara mbili. Sodiamu huvuta maji. Figo zisipoitoa yote kwa wakati, maji hubaki kwenye damu, ujazo wa damu unaongezeka na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, kuta za mishipa hukakamaa. Mtu hasikii maumivu yoyote, na ndiyo maana wengi hujua wana presha siku kiharusi kinapowaangusha.

Kuna wanaosema presha ni ya mawazo, au ni ya ukoo. Vyote vina nafasi yake, lakini utafiti mmoja wa Kenya unastahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter, waliochapisha matokeo yao mwaka 1990, waliwafuatilia Waluo waliohama vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za wahamiaji zilipanda mapema, katika miezi ya mwanzo mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Watu ni wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwemo.

Sahani zetu zina chumvi ambayo hatuihesabu. Ng'onda na papa mkavu wamelala kwenye chumvi kabla hawajafika sokoni. Vidonge vya kuungia mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa, na bado mpishi huongeza ya kopo juu yake. Mkate una chumvi ingawa ulimi hauisikii. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo ni sodiamu, na sijaona mtu akiyataja anapoulizwa anakula chumvi kiasi gani. Halafu kuna embe mbichi na muhogo wa kukaanga vya getini pa shule, vyenye chumvi na pilipili, ambavyo ndivyo vinavyomfundisha mtoto ladha.

Hata hivyo, katika nyumba zinazopika kila siku, sehemu kubwa bado hutoka kwenye mkono wa mpishi, na hilo linanipa matumaini. Vijijini China nako chumvi hutiwa nyumbani. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji ilipewa chumvi ambayo robo yake ilibadilishwa kuwa ya potasiamu. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2021, yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu chumvi ya namna hiyo bila daktari, maana potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Kwa kuwa hakuna apimaye chumvi kwa mizani akipika, pima kwa pakiti. Andika tarehe siku unapofungua ya nusu kilo. Nyumba ya watu wazima wanne, wakila gramu 5 kila mmoja, hutumia gramu 20 kwa siku, hivyo pakiti ingepaswa kufika siku ya 25, na zaidi kama mnakula pia mkate na ng'onda. Ikiisha siku ya 12, punguza robo ya kipimo chako cha kawaida, na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vizibe pengo. Wiki ya kwanza watalalamika. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, na pakiti ya tatu au ya nne ndiyo itakayoonyesha kama nyumba nzima imezoea.