Kuoga katika chemchemi za maji moto

Kuoga katika chemchemi za maji moto ni desturi ya kuingia, au kujimwagia, maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto la asili. Desturi hiyo ni ya kale katika nchi nyingi zenye volkeno au bonde la ufa. Kule Japani imewekewa taratibu nyingi zinazojulikana na kila mtu. Katika Afrika ya Mashariki, ikiwemo mikoa ya Songwe na Mbeya kusini magharibi mwa Tanzania, chemchemi za namna hii ni nyingi, lakini nyingi hazina mlango, mlinzi wala maandishi ya kumwelekeza mgeni.

Chemchemi za bonde la Songwe

Jina Songwe huwachanganya watu. Kuna mito miwili yenye jina hilo. Mmoja unaelekea kusini mashariki, ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na unaishia Ziwa Nyasa. Mwingine unaelekea kaskazini na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Mkoa wa Songwe, wenye makao makuu Vwawa, ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ndani yake kuna wilaya iitwayo pia Songwe. Uwanja wa ndege wa Songwe, kinyume na mtu anavyoweza kudhani, uko Mkoa wa Mbeya. Chemchemi zinazozungumziwa hapa ni za mto ule wa kaskazini, unaokwenda Rukwa. Msafiri anayetoka Tunduma kwenda Mbeya kwa barabara kuu hupita Vwawa na Mlowo kabla ya kuteremka katika bonde hilo.

Maji ya chemchemi za Songwe hutoka yakiwa na joto linalofikia takriban nyuzi 80 za sentigredi (°C). Asili ya joto hilo ni volkeno za eneo la Rungwe, hasa Ngozi, mlima wenye ziwa ndani ya kasoko yake. Wataalamu wengi wa jiolojia wanaona kwamba maji ya mvua huzama katika nyufa za ufa, hupashwa moto chini ya Ngozi, kisha husafiri chini kwa chini kuelekea kaskazini magharibi hadi yanapopata njia ya kutokea bondeni.

Njiani maji huyeyusha chokaa, na yanapofika juu hupoteza gesi ya kaboni dayoksidi. Gesi ikishatoka, maji hayawezi tena kubeba chokaa yote, hivyo sehemu yake huganda na kuwa jiwe liitwalo travatini. Tabaka baada ya tabaka, kwa maelfu ya miaka, mawe hayo yamekuwa vilima, ngazi na mapango yenye popo. Kiwanda cha saruji cha Mbeya kinatumia chokaa ya bonde hilo, na travatini hukatwa pia kuwa vigae vya sakafu. Yaani maji yaleyale ambayo mtu anataka kuyaoga ndiyo yaliyotengeneza jiwe la kujengea nyumba yake.

Joto na mwili

Mgeni akifika penye chemchemi, jambo la kwanza la kuangalia ni mahali pa kuogea. Maji ya kuoga yanayostarehesha yana °C 38 hadi 42. Maji ya °C 50 huunguza ngozi mtu akikaa ndani dakika chache. Yakifika 60 huunguza kwa sekunde chache, na kwa 70 sekunde moja inatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, basi huungua upesi kuliko hapo. Kwa hiyo jicho la chemchemi yenye joto kama la Songwe si mahali pa kuoga hata kidogo. Pa kuogea ni chini yake, ambapo maji yamepoa au yamechanganyika na ya mto.

Macho hayawezi kupima joto. Mvuke huonekana vizuri asubuhi ya baridi na kupotea saa sita mchana, ingawa maji ni yaleyale. Mkono wenye sugu pia hudanganya. Njia nzuri ni kuchota kwa kata au ndoo, kuacha kidogo, na kujaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Aidha, ukoko wa travatini ulio kando ya maji unaweza kuonekana mgumu kama saruji, huku chini yake pakiwa wazi na penye maji ya moto. Waliozaliwa jirani huwa na njia zao za kupita. Mgeni apite hizohizo.

Hatari nyingine haionekani kabisa. Kaboni dayoksidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Katika eneo la Rungwe gesi hiyo hutoka kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kwa ajili ya viwanda vya soda. Karibu na Goma, mashariki mwa Kongo, mashimo yenye gesi hiyo huitwa *mazuku*, na neno hilo sasa hutumiwa na wanavolkeno wa dunia nzima. Wadudu au ndege waliokufa ndani ya shimo ni ishara ya kuondoka mara moja. Mtu asiiname shimoni kumvuta aliyeanguka bila kufikiri, maana wengi waliokufa kwa gesi ya namna hii walikuwa waokoaji.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba anapaswa kuuliza daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asiingie. Kwa mtu mzima mwenye afya, dakika kumi kwa mara moja zinatosha, kisha apumzike na kunywa maji safi. Kichwa kibaki juu ya maji, kwa kuwa katika maji vuguvugu ya asili huweza kuishi ameba ambaye, akiingia puani, husababisha ugonjwa wa ubongo; ni nadra sana, lakini karibu wote wanaoupata hufa. Kuhusu kichocho, konokono wanaokieneza hawaishi katika maji ya moto sana, ila mkondo ukishapoa huko chini hauna kinga yoyote.

Adabu ya Japani

Kwa Kijapani chemchemi ya kuogea huitwa *onsen*. Sheria ya mwaka 1948 inaitambua kuwa ni onsen ikiwa maji yanatoka yakiwa na angalau °C 25, au yakiwa na kiasi maalumu cha mojawapo ya madini yaliyotajwa. Miji kama Beppu na Kusatsu inaishi kwa biashara hiyo, na jengo kuu la Dogo Onsen huko Matsuyama lilijengwa mwaka 1894.

Mgeni huvua viatu mlangoni. Wanaume na wanawake huingia kwa milango tofauti yenye mapazia. Nguo zote huachwa katika kikapu. Vazi la kuogelea kwa kawaida haliruhusiwi. Kabla ya kugusa bwawa, mtu huketi juu ya kigoda, hujisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote liishe. Ndipo huingia polepole, baada ya kujimwagia maji kidogo ili mwili uzoee. Kitambaa kidogo anachobeba hakitiwi majini: wengi hukikunja na kukiweka kichwani. Wenye nywele ndefu huzifunga. Hakuna kupiga mbizi, kupiga kelele wala kupiga picha. Huko Kusatsu, ambako maji ni ya moto mno, huyakoroga kwa mbao ndefu ili yapoe bila kuongezewa maji ya baridi, wakiogopa kuzimua madini yake.

Kiini cha taratibu hizo ni kimoja, kwamba bwawa ni la kujipasha joto na si la kutolea uchafu. Jambo hili si geni kwa aliyelelewa kijijini Tanzania. Nako mtu huchota maji kwa ndoo akaogea kando, na anayeingia na sabuni mahali pa kuteka maji hukemewa na mkubwa yeyote aliyepo, awe ndugu yake au la.

Taratibu hizo zimewahi kutumika pia kufungia watu nje. Nyumba nyingi za onsen hukataa wenye chale za rangi, kwa kuwa nchini humo chale hizo huhusishwa na magenge ya wahalifu. Mwaka 2013 mwanamke Mmaori kutoka New Zealand alikataliwa huko Hokkaido kwa ajili ya chale za jadi usoni mwake. Kabla ya hapo, katika mji wa Otaru, nyumba moja ilizuia wote waliofanana na wageni, akiwemo mtu aliyekwisha kupata uraia wa Japani. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliwapa walalamikaji watatu fidia ya yeni milioni 1 kila mmoja. Adabu ya kuoga inahusu mwenendo wa mtu. Sura yake haimo.

Desturi za Afrika ya Mashariki

Hapa uchi wa pamoja wa Kijapani hauna nafasi. Wanawake huoga wakiwa wamejifunga kanga au kitenge, wanaume wakiwa na kaptula, na jinsia hutengana kwa mahali au kwa zamu. Mgeni anayekaribia hupaza sauti ya hodi akiwa bado mbali, kisha husubiri ajibiwe. Watu wanaooga hawapigwi picha, hata kwa simu iliyoshikwa kana kwamba inapiga mandhari. Kabla ya yote ni busara kujitambulisha katika ofisi ya kijiji. Katika maeneo mengi chemchemi ni mahali pa mizimu au pa matambiko, na wazee ndio wanaojua sehemu isiyoingiwa. Kucheka jambo hilo mbele yao ni utovu wa adabu, hata kwa asiyeliamini.

Huko Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna mabwawa mawili mashuhuri. Moja lilihusishwa na mfalme wa Ankole, na lingine huitwa Mulago, kwa jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu ya imani kwamba linaponya. Wengi hufika na maumivu ya viungo. Maji ya moto kweli hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda, na hilo si dogo kwa mzee aliyelima maisha yake yote. Hayaponyi kisukari, kifua kikuu wala Ukimwi, na aliyeacha dawa zake kwa ajili ya bwawa amejiweka hatarini. Mwenye kidonda wazi asiingie katika maji ya pamoja, kwa faida yake na ya wenzake.

Karibu na Tanga, penye maji ya salfa ya Amboni, Mgriki aitwaye Galanos, mkulima wa mkonge, aliacha jina lake kwenye chemchemi zilizojengewa nyumba ya kuogea ambayo sasa ni magofu. Watalii wa Kilimanjaro hupelekwa Kikuletwa, pajulikanapo pia kama Chemka, na baadhi hushangaa kukuta maji si ya moto.

Jotoardhi

Joto linalowapasha waogaji linaweza pia kuzalisha umeme. Kampuni ya TGDC, tanzu ya TANESCO, iliundwa mwaka 2013 kuendeleza jotoardhi, na Ngozi ni miongoni mwa maeneo yake ya kwanza. Nchini Japani wenye nyumba za onsen mara nyingi wamepinga visima vya umeme wakihofia chemchemi zao kukauka, na hiyo ni sababu mojawapo ya nchi hiyo kutumia sehemu ndogo tu ya hazina yake. Kenya ilifuata njia nyingine: huko Olkaria, karibu na Naivasha, maji yaliyokwisha kutumika katika uzalishaji wa umeme huelekezwa kwenye bwawa la kuogea lenye kiingilio. Kwa vijiji vya bonde la Songwe swali ni la vipimo. Joto na wingi wa maji ya kila chemchemi vikiandikwa kabla ya visima kuchimbwa, mabadiliko yatakayotokea baadaye yataweza kuthibitishwa. Visipoandikwa, mwanakijiji atakayesema maji yamepungua hatakuwa na cha kuonyesha.