Kasolaiti: silikati ya risasi yenye urani ndani yake

Kasolaiti ni madini adimu ya silikati yanayobeba risasi na urani kwa pamoja, na maji kidogo. Mwanasayansi wa Ubelgiji, Alfred Schoep, aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na sampuli za Kasolo, Katanga nchini Kongo, kwenye mgodi uliokuja kujulikana duniani kote kama Shinkolobwe.

Rangi yake ni njano, mara nyingine hudhurungi au kijani hafifu. Fuwele zake ni nyembamba kama sindano, nyingi zikichanua kutoka kitovu kimoja. Kwingine huwa ukoko tu juu ya mwamba. Kisu huyakwaruza, lakini ni mazito karibu mara sita ya maji ya ujazo uleule, maana zaidi ya theluthi ya uzito wake ni risasi na asilimia 40 hivi ni urani.

Chimbuko la risasi hiyo ndilo jambo la ajabu zaidi. Urani huoza polepole mno: nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5 kugeuka, na mwisho wa safari hiyo ni risasi. Kwa hiyo mwamba mkongwe wa urani hujitengenezea risasi yake wenyewe. Maji ya mvua yenye oksijeni yanapopenya ardhini huuyeyusha taratibu, kisha urani na risasi hukutana na silika na kuganda upya, karibu na uso wa ardhi.

Ukaribu huo ndio hatari kwa wachimbaji wadogo. Mionzi ya alfa inayotolewa na urani huzuiwa na ngozi. Lakini vumbi likivutwa au kumezwa, mionzi hiyo hufanya kazi ndani ya mwili, huku gesi ya radoni itokanayo na urani ikijaa mashimoni. Risasi nayo hudhuru figo na, kwa watoto, ubongo unaokua. Nguo za kazi zinazofuliwa nyumbani hufikisha vumbi hilo kwa watoto. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe Januari 2004, lakini watu waliendelea kufuata kobalti, na Julai mwaka huohuo shimo lilibomoka na kuua watu.

Mitundu na maeneo mengine ya Manyoni, katikati mwa Tanzania, yako mbali na Katanga, lakini utafiti umebaini urani kwenye tabaka za juu za mabonde ya Bahi na Manyoni. Huko Bahi urani hupatikana hasa katika madini mengine ya njano, kanotaiti, yasiyo na risasi katika muundo wake. Kwa macho, mawe haya mawili hufanana mno. Kipimo cha mionzi hutambua urani, na maabara ndiyo hutenganisha aina.