Si kila udhaifu ni uzee: maradhi yanayoshambulia misuli

Shangazi yetu mmoja hapa Maskati alianza kusali juu ya kiti. Akisujudu, kunyanyuka hawezi. Sote tukasema ni umri. Mwengine akasema baridi ya AC. Akachuliwa mafuta miezi mizima, mpaka siku kujifunga mtandio kulipomshinda kwa kuwa mikono haipandi. Ndipo alipopelekwa hospitali, na damu ikaonyesha kuwa misuli yake inaharibika.

Madaktari huyaita maradhi haya mayosaitisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia misuli. Hayaambukizi, wala si jicho la mtu. Ni maradhi ya nadra, na aina zake nyingi huwapata wanawake zaidi.

Dalili kubwa ni kukosa nguvu kuliko maumivu. Huanza polepole, pande zote mbili, kwenye mapaja, nyonga na mabega: kuinuka mkekani, kupanda ngazi, kuchana nywele. Aina iitwayo dermatomayosaitisi huleta na alama za ngozi: kope huwa za zambarau, na vipele hutoka juu ya vifundo vya vidole. Kwa wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, basi tazama sehemu zilizoiva rangi. Mgonjwa akipaliwa kila akila, au akikosa pumzi, usingoje hata siku moja.

Kipimo cha mwanzo ni cha damu, kiitwacho CK, ambacho mara nyingi hupanda sana. Huenda akapigwa picha ya MRI au akakatwa kipande kidogo cha msuli. Nenda na dawa zake zote, maana hata zile za kushusha kolesteroli, statini, huweza kudhuru misuli. Mtu mzima mwenye dermatomayosaitisi hukaguliwa pia kama ana saratani iliyojificha. Msikatae kipimo hicho kwa hofu.

Tiba huanza na steroidi, kama prednisoloni, kisha huongezwa methotreksati au azathioprini ili steroidi ipunguzwe. Wengi hupata nafuu, lakini ni kazi ya miezi, na maradhi huweza kurudi. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 uliwachukua wagonjwa 95 wa dermatomayosaitisi: baada ya wiki 16, asilimia 79 ya waliotiwa kingamwili kwenye mshipa walipata nafuu, na asilimia 44 ya waliopewa dawa bandia. Iko aina moja ya waliopita miaka 50, inayodhoofisha vidole na mapaja, ambayo steroidi haisaidii. Hao hutegemea zaidi mazoezi.

Nyumbani, mambo matatu. Steroidi haikatwi ghafla, hata akijiona mzima au Ramadhani ikiingia. Na hupandisha sukari, basi ipimwe. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, si kila siku. Kukosea hapo ni hatari. Na mazoezi ya kiasi, kwa kuongozwa na mtaalamu, humsaidia mgonjwa kuliko kulala tu.

Shangazi sasa hunyanyuka mwenyewe, ingawa taratibu. Kwa hiyo mama akianza kuomba kiti cha kusalia, muulize: magoti yanauma, au nguvu hazipo? Akisema nguvu hazipo, mpeleke akapimwe.